Kiongozi bora wa wanafunzi apimwe kwa daftari

Mahafali ya chuo yana utaratibu ambao wazazi wanaotoka Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni wanaujua hata kabla hawajashuka kwenye basi. Maandamano ya kitaaluma yanaingia, wimbo wa taifa unaimbwa, hotuba zinasomwa, kisha wanaitwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi: aliyeongoza kwenye uhasibu, aliyeongoza kwenye ununuzi na ugavi, msichana aliyewapita wasichana wenzake wote. Kila mmoja anatajwa kwa jina, na hakuna anayehoji, maana alama zake zimepita kwa mwalimu, zikapita idarani, zikapita kwenye kikao cha mitihani. Shangazi anapiga vigelegele, mgeni rasmi anakabidhi bahasha, mpiga picha anapata riziki yake.

Halafu inafika zamu ya serikali ya wanafunzi. Wanaitwa kwa mkupuo: rais, makamu, waziri mkuu, mawaziri, spika. Wanapanga mstari na kupokea vyeti vilivyochapwa kwa maneno yale yale, kwamba mhusika ametumikia jumuiya ya wanafunzi katika mwaka uliotajwa. Cheti cha waziri aliyehangaika mwaka mzima na cha waziri ambaye hakuonekana tena tangu alipoapishwa vinafanana kila kitu isipokuwa jina. Mshereheshaji hatakosa kutukumbusha kwamba chanda chema huvikwa pete, na ukumbi utampigia makofi. Hakuna aliyeuliza chanda kipi kilifanya nini.

Nina dukuduku la siku nyingi juu ya jambo hili, na Singida ndiyo inayonifanya niliseme leo. Mkoa wetu hauna chuo kikuu chenye kilima chake kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, wala majengo yaliyotanda kama ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilomita zipatazo 240 kutoka hapa. Una Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, kampasi ya Singida. Una Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Singida. Una kituo cha Chuo Kikuu Huria, ambako mwalimu wa sekondari anaweza kusoma shahada bila kuacha kazi wala kuhama nyumbani. Kwa mkoa uliohesabiwa watu 2,008,058 katika sensa ya mwaka 2022, vyuo hivi si vingi. Lakini viwili vya kwanza vinafundisha mambo mawili ambayo hukosekana kila tunapotaka kumtuza kiongozi wa wanafunzi, yaani hesabu zinazokaguliwa na kumbukumbu zinazotunzwa. Kama kuna mahali nchini ambapo tuzo ya kiongozi bora wa wanafunzi ingeweza kutolewa kwa ushahidi, ni hapa.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Watu wakisikia kiongozi wa wanafunzi humfikiria rais, mwenye mabango, suti na msafara wa bodaboda siku ya kufunga kampeni. Kazi kubwa iko chini yake. Iko kwa CR, mwakilishi wa darasa, ambaye pengine alichaguliwa wiki ya kwanza kwa sababu tu aliuliza swali kwa sauti. CR ndiye anayejua kwamba kipindi cha saa mbili asubuhi kimehamishiwa ukumbi mwingine, na ndiye anayepigiwa simu saa sita usiku mwenzao akizidiwa gheto. Ndiye anayekusanya kazi za darasa na kuzifikisha kabla ya saa ya mwisho. Ndiye anayemfuata mwalimu kumweleza kwamba alama za majaribio za watu kadhaa hazionekani kwenye mfumo, anaambiwa njoo kesho, na kesho anakwenda. Hana ofisi. Kifurushi cha kuendeshea kundi la WhatsApp la darasa ananunua mwenyewe, na ikitokea taarifa imechelewa, matusi ya kwanza ni yake.

Juu ya CR yuko waziri wa mikopo, na huyu kwa chuo chenye wanafunzi wa shahada ndiye mtu anayeombewa dua kuliko wote. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu hapo maisha ya mwanafunzi aliyepata mkopo huenda kwa mapigo ya bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Fedha ya chakula na malazi, iliyokuwa shilingi 8,500 kwa siku, ilipandishwa hadi 10,000. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani hiyo ndiyo kodi, ndiyo ugali, ndiyo sabuni na nakala za kudurufu. Ikichelewa wiki mbili, duka la mangi linafunga daftari la mkopo.

Na huchelewa kwa sababu ndogo kupita kiasi. Jina kwenye cheti cha kidato cha nne lina herufi moja ambayo haipo kwenye akaunti ya benki. Namba ya mtihani imekosewa tarakimu. Mwanafunzi amehamia kampasi hii na jina lake bado linasomeka kule alikotoka. Hakuna kati ya hayo linalohitaji hotuba. Yanahitaji mtu atakayekaa na orodha ya waliokosa, apige simu kwa mmoja mmoja, akusanye vielelezo, aviweke sawa kwa mpangilio anaoutaka afisa mikopo, kisha afuatilie mpaka jina la mwisho lifutwe. Nimewaona vijana wakifanya kazi hiyo siku nzima kwenye benchi la korido, peni mkononi, bila chakula cha mchana, huku mtihani wao wenyewe uko kesho yake. Sijawahi kuona kazi hiyo ikisomwa kwenye mahafali.

Singida ina mzigo wake wa ziada. Wanafunzi wengi wa astashahada na stashahada hawana mkopo wa Bodi, maana mikopo ya stashahada ilianza mwaka 2023/24 tu na kwa fani chache za kipaumbele. Wanalipiwa na alizeti, vitunguu, mbuzi na kuku wa kienyeji. Chuo hufungua Oktoba au Novemba na ada ya muhula wa kwanza inadaiwa wakati huo, mvua ndiyo kwanza zinatarajiwa na mavuno ya alizeti yako miezi mingi mbele. Bei ya alizeti iliposhuka mwaka 2023, baada ya ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje kupunguzwa, kilio hakikuishia kwa wakulima wa Iramba na Mkalama. Kilifika mpaka dirisha la mhasibu wa chuo. Kwa hiyo kiongozi wa wanafunzi wa huku, akitaka kuwasaidia wenzake, lazima ajue bei ya gunia. Lazima aende kwa uongozi wa chuo na hoja iliyokamilika: hawa wamelipa nusu, wazazi wao watavuna mwezi fulani, tunaomba waruhusiwe kuingia kwenye mtihani wakilipa kidogo kidogo. Kijana wa miaka 22 anayeweza kujenga hoja hiyo, akasikilizwa, na waliokubaliwa wakalipa kweli, ameshafanya kazi ya afisa mipango wa wilaya.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo ambacho hakiko Singida na ambacho sitakitaja. Mwenzetu alifiwa na baba katikati ya muhula. Tulichanga, kama ilivyo desturi. CR wetu, dada mpole ambaye wengi tulidhani hatafika mwisho wa mwaka kwenye nafasi ile, alitoa kaunta buku yenye jalada gumu jeusi na kuandika juu ya ukurasa jina la mfiwa na tarehe. Akachora mistari kwa rula: jina, kiasi, aliyepokea, saini. Aliyetoa 500 alisaini sawasawa na aliyetoa 10,000. Ukurasa wa pili ukawa wa matumizi: nauli ya wawakilishi wawili kwenda na kurudi, shuka, kiasi kilichokabidhiwa kwa familia, na saini ya mjomba wa marehemu aliyepokea. Chini kabisa ilibaki 1,700. Akaiandika, na wiki iliyofuata akasimama mbele ya darasa kuuliza tunataka iende wapi.

Mwaka huohuo serikali ya wanafunzi ya chuo kile ilimaliza muda wake bila mtu yeyote kuambiwa michango yetu ya lazima ilikwenda wapi. Ofisi ilikabidhiwa ikiwa na meza na kabati tupu. Siku ya mahafali, viongozi wale walipanda jukwaani kupokea vyeti. Yule dada hakuwemo kwenye orodha, kwa sababu ma-CR hawakuhesabiwa kuwa viongozi.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba tuzo ya uongozi isiyopita kwenye kitabu cha hesabu ni tuzo ya sura na sauti. Na hapa ndipo ninapoirudia TIA. Taasisi hii, wakala wa serikali chini ya Wizara ya Fedha tangu mwaka 2002, inawafundisha vijana kusoma vitabu vya hesabu mpaka wajue shilingi ilipotelea wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amefundishwa kuomba stakabadhi, kulinganisha hati ya malipo na taarifa ya benki, kuandika hoja ya ukaguzi na kusubiri majibu. Serikali ya wanafunzi, TIASO, iko palepale chuoni. Wanafunzi wa ukaguzi wapewe hesabu za viongozi wao wazikague kama zoezi la vitendo, chini ya mwalimu wao, na taarifa ibandikwe kwenye mbao za matangazo kabla ya uchaguzi unaofuata.

Hili si jambo geni katika nchi yetu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapewa kazi yake na Ibara ya 143 ya Katiba, na kila mwisho wa Machi taarifa yake hufika kwa Rais, kisha Bungeni, kisha kwenye mabaraza ya kahawa. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, hutoa kila mwaka tuzo kwa benki, mashirika, halmashauri na taasisi zilizoandaa taarifa bora za fedha. Wakurugenzi wazima huvaa tai wakaenda kupokea tuzo hizo na kupiga nazo picha. Kama taarifa safi ya fedha inatosha kumpa heshima mkurugenzi wa halmashauri, inatosha kumpa heshima waziri wa fedha wa serikali ya wanafunzi ambaye bajeti yake yote haizidi thamani ya pikipiki.

Chuo cha Utumishi wa Umma nacho kina lake. Pale wanafundisha utunzaji wa kumbukumbu, uhazili, utawala wa rasilimali watu. Mtu akimaliza pale anajua kufungua jalada, kulipatia namba, kupanga nyaraka kwa folio, na kumwandikia mkubwa wake dokezo lenye hoja. Ndizo kazi za masjala, na serikali nyingi za wanafunzi hazina masjala. Kila Mei au Juni uongozi mpya unaanza upya kama vile chuo kimezaliwa jana. Barua ya mwaka juzi ya kuomba taa za barabarani kutoka hosteli hadi maktaba haipo, jibu lake halipo, na ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi imekufa pamoja na uongozi uliopita. Kiongozi anayeacha jalada la kila suala alilolishughulikia, lenye kilichoombwa, kilichojibiwa na kilichobaki, anastahili kupanda jukwaani hata kama hakufanikiwa yote. Atakayemfuata ataanza hatua ya kumi badala ya hatua ya kwanza.

Nasisitiza hesabu na kumbukumbu kwa sababu nyingine pia, nayo inatoka kwenye historia. Katika Afrika Mashariki viongozi wa wanafunzi wamejulikana kwa njia mbili kubwa: ama kwa kuadhibiwa, ama kwa kuja kuwa wanasiasa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewafanya wahitimu wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa utumishi. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 warudi vijijini kwao, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye. Mtu anaweza kusema walikosea kudai, na mimi ninaona Mwalimu aliwaonyesha kioo walichostahili kuonyeshwa. Lakini hata hivyo ni wao waliomfanya mkuu wa nchi aitazame upya mishahara ya wakubwa, jambo ambalo hotuba nyingi za ndani ya chama hazikuwa zimelifanya.

Julai 1971 lilitokea jingine. Rais wa jumuiya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUSO, wakati huo alikuwa Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya. Alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akikosoa namna chuo kilivyokuwa kinaendeshwa. Polisi wa kutuliza ghasia waliingia chuoni, wakamchukua kwenye gari, akarudishwa kwao. Wanafunzi walisusia, wahadhiri wakajiunga nao katika kulalamika, na baada ya mgogoro huo milango ya vikao ikaanza kufunguka zaidi kwa wanafunzi. Leo Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inaitambua jumuiya ya wanafunzi kama sehemu ya chuo. Kiongozi anayeketi kwenye kikao cha maamuzi akiwa na chupa ya maji mbele yake anakalia kiti ambacho wengine walikilipia.

Wengine walilipa zaidi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, akafia gerezani mwaka 1988. Upande wa pili kuna akina Yoweri Museveni, aliyeongoza kundi la wanafunzi wanamapinduzi, USARF, pale Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1986 akaingia Ikulu ya Uganda. Hapa kwetu Singida vijana wana majina yao ya kuyatazama. Mwigulu Nchemba wa Iramba na Tundu Lissu wa Ikungi wote walipita Mlimani, na siasa imewapeleka kila mmoja upande wake. Basi mwanafunzi akigombea urais wa chuo, marafiki humwita mheshimiwa, na yeye huanza kutembea kimheshimiwa.

Mimi sina ugomvi na anayetaka siasa. Ninachokihofia ni kwamba katikati ya historia ya mabomu ya machozi na historia ya ubunge, yule dada wa kaunta buku hana mahali pa kukaa. Hakufukuzwa, hakugombea ubunge. Alifanya kazi. Tuzo ikiwekwa vizuri inaweza kumpa mahali.

Ikiwekwa vibaya inaweza kuleta madhara, na hili lisemwe waziwazi. Uongozi wa chuo ukijifungia wenyewe na kuchagua kiongozi bora, utamchagua asiyeusumbua. Sina haja ya kumsingizia mtu. Ndivyo binadamu tulivyo. Mwaka 1971 kamati ya namna hiyo isingempa Akivaga hata cheti cha ushiriki. Na uamuzi ukiachwa kwa kura za kundi la WhatsApp, atashinda mwenye marafiki wengi, tena uchaguzi utakuwa umerudiwa kwa jina lingine. Njia ninayoiona ina kelele kidogo na kazi nyingi. Madarasa yapendekeze kwa karatasi ya siri, na kila anayependekeza aandike jambo moja lililofanyika, lini, na nani alinufaika. Majina yatakayojitokeza yapelekwe kwa wanafunzi wakaguzi wakaangalie vitabu, na kwa wenzao wa kumbukumbu wakaangalie majalada. Mlezi wa wanafunzi awepo, mwalimu mmoja awepo, na awepo mtu wa nje asiyemjua yeyote, hata kama ni mhasibu mstaafu wa halmashauri anayeishi Utemini. Anayekosa kitabu anaondoka kwenye orodha, awe rais au awe nani.

Chuo Kikuu Huria kitahitaji utaratibu wa peke yake, kwa kuwa wanafunzi wake wametawanyika wilayani na hukutana zaidi kwenye mitihani. Kiongozi wao bora pengine ni yule anayehakikisha tangazo la tarehe za mitihani limemfikia muuguzi wa zahanati ya mbali ambako mtandao ni wa kupanda kichuguu. Sifa zake ziandikwe kwa kazi hiyo.

Jambo la wanawake linanigusa zaidi kwa sababu ya jina moja. Uwanja wa mpira wa mjini kwetu, uliojulikana miaka mingi kama Namfua, sasa unaitwa Liti, kwa heshima ya Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye simulizi za wazee zinasema aliwatumia nyuki kama jeshi lake. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja jina lake kubandikwa mahali ambapo watu hulitamka kila wiki. Vyuoni mazoea yaliyoenea ni kuunda tiketi ya rais mwanaume na makamu mwanamke, makamu akatafutwa mwisho ili kukamilisha karatasi. Halafu kazi za kufuatilia wagonjwa, za kushughulikia dada aliyepata ujauzito akataka kuacha chuo, za kumkabili mwenye nyumba anayewasumbua wasichana usiku, zote humwangukia yeye. Kamati ya tuzo ikisoma majalada badala ya mabango itakutana na wanawake wengi kuliko ilivyotarajia, na sitashangaa mwaka wa kwanza majina ya juu yote yakiwa yao.

Na apewe nini mshindi? Bahasha inaisha kabla ya jioni. Ngao inabaki kwenye kabati la sebule, ikifutwa vumbi siku ya Idi na Krismasi. Mimi ningempa maandishi. Kijana akimaliza hapa atapeleka maombi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ataitwa usaili, atakuwa mmoja kati ya mamia wenye shahada ileile. Akitaka ufadhili kama ule wa Mandela Rhodes, unaowapeleka vijana wa Kiafrika kusoma shahada za juu Afrika Kusini, ataulizwa ameongoza nini na kimebadilika nini. Cheti chetu cha sasa kinamwacha mdomo wazi, kwa sababu hakisemi chochote ambacho mwenzake aliyelala mwaka mzima hana. Barua ya kurasa mbili, yenye saini ya mkuu wa kampasi na muhuri, inayotaja alichofanya kwa tarehe na tarakimu na kuambatishwa taarifa ya wakaguzi, itamfikisha mbali kuliko ngao. Ma-CR nao wapate barua yao, hata iwe ya ukurasa mmoja. Gharama yake ni karatasi, wino na mchana mmoja wa mtu wa kuandika.

Uchaguzi wa serikali za wanafunzi hufanyika kila mwaka, na makabidhiano hufuata muda mfupi baadaye. Kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri bajeti wala mfadhili. Siku viongozi wapya wanapoapishwa, wakabidhiwe kaunta buku moja na majalada matupu yenye namba, mbele ya wanafunzi wote, na waambiwe kwamba mwisho wa mwaka vitasomwa. Kisha mahafali yakifika, mshereheshaji apewe karatasi yenye maneno kama haya ayasome polepole, jina kwanza: mwakilishi wa darasa la stashahada ya kumbukumbu, mwaka wa pili, alishughulikia majina ya wenzake ambayo hayakuonekana kwenye mfumo wa matokeo, na yote yakaonekana kabla ya mtihani, alikusanya michango ya misiba na ugonjwa, na hesabu zake zimekaguliwa na kukutwa sahihi, alimwandikia mshauri wa wanafunzi kuhusu taa za njia ya maktaba, jibu liko kwenye jalada, taa bado hazijawekwa, na aliyempokea ofisi anaendelea kufuatilia.